CT ya kwanza inasema mzima, ya pili inasema mshipa umebanwa: niamini ipi?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29, naishi karibu na Mafinga. Mwaka na nusu sasa, kila nikila napata maumivu makali kwenye chembe ya moyo. Yanaanza kama robo saa baada ya chakula, yanadumu saa nzima au zaidi. Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara nne na taifodi mara mbili. Nimechunguzwa kwa mpira wenye kamera, wakasema tumbo ni safi. Kilo zimeshuka kutoka 58 hadi 46, sasa naogopa kula. Mwezi wa tatu nilipigwa CT ya tumbo, zile picha za mionzi za ndani ya mwili, majibu yakasema hakuna tatizo. Mwezi wa saba nikapigwa nyingine, hospitali nyingine, wakasema ni CT ya mishipa ya damu. Hiyo imeandika kwamba ateri ya siliaki imebanwa kwa asilimia 70 na utepe wa kiwambo. Mara ya kwanza niliambiwa nivute pumzi nibane, mara ya pili nitoe pumzi yote nje. Daktari mmoja anataka nifanyiwe upasuaji. Mwingine anasema hilo si lolote, ni mawazo tu. Shangazi yangu anasema nimetupiwa kitu. Majibu yapi ni ya kweli? Nirudie mara ya tatu? Nimechoka, naomba unisaidie."

Marahaba, mwalimu, na pole sana. Mtu wa kilo 58 akipoteza kilo 12 amepoteza zaidi ya moja ya tano ya mwili wake. Aliyefika hapo haambiwi ni mawazo tu. Hofu yako ya kula nayo ina sababu: sahani imekuwa ndiyo mwanzo wa maumivu, na mwili umejifunza kuikwepa.

Nianze na linalokusumbua zaidi, yaani nani amekosea. Kwa maelezo yako, huenda hakuna aliyekosea. Jibu umeliandika mwenyewe katika sentensi ambayo pengine uliiona ndogo: mara ya kwanza nivute pumzi, mara ya pili nitoe. Hapo ndipo ulipo mkanganyiko wote.

Mshipa mkuu wa damu, aota, unashuka kutoka kifuani ukiwa mbele ya uti wa mgongo. Ili uingie tumboni, lazima upite kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na kutusaidia kupumua. Pale unapopita pana kama mlango, na juu ya mlango huo, kwa upande wa mbele, pana utepe mgumu uliojipinda, unaounganisha mguu wa kulia wa kiwambo na wa kushoto. Chini kidogo ya utepe huo, usawa wa pingili ya mwisho ya kifua na ya kwanza ya kiuno, aota inatoa tawi lake kubwa la kwanza la mbele. Hilo ndilo ateri ya siliaki, inayolisha mfuko wa chakula, ini, bandama na sehemu ya kongosho.

Kwa watu wengi utepe na ateri havigusani. Kwa wengine, na hili ni umbile la kuzaliwa nalo, utepe umekaa chini kidogo au ateri imechomozea juu kidogo, basi utepe unailalia. Ukitoa pumzi, aota na matawi yake hupanda, ateri ikajipeleka yenyewe chini ya utepe na kukandamizwa. Ukivuta pumzi, viungo vya tumbo hushuka na kuivuta ateri chini pamoja navyo, nayo ikaponyoka. Kwa hiyo si kwamba ilikuwa nzima mwezi wa tatu ikaja kuugua mwezi wa saba. Kama imebanwa, inabanwa na kuachiwa kila unapopumua, hata sasa hivi unaposoma.

Tofauti nyingine ni aina ya kipimo. CT ya tumbo ya kawaida hupigwa kama dakika moja au zaidi baada ya dawa ya kung'arisha mishipa kuingia, kwa sababu tunataka kuona ini na viungo vingine. Wakati huo ateri zimeshaanza kufifia. CT ya mishipa huwahi zaidi. Dawa husukumwa kwa kasi kupitia sindano ya kwenye kiwiko, na nadhani unaukumbuka ule moto uliokupanda mwilini hadi ukahisi kama umejikojolea. Mashine hupiga pale tu aota inapong'aa, takriban nusu dakika tangu dawa ianze kuingia, na vipande vya picha vinakuwa vyembamba, milimita moja au chini ya hapo.

Hata vipande vikiwa vyembamba namna hiyo, msomaji anaweza kupitwa. Nikifungua picha za mgonjwa, kwanza naziona kama mkate uliokatwa slesi, kila slesi ni duara la tumbo zima. Ateri ya siliaki inaonekana kwenye slesi mbili tatu, kisha imepotea. Mbano wake unatoka juu, kama kidole kinachoikanyaga, na kwenye slesi za namna hiyo kidole hicho hakionekani vizuri. Nikiishia hapo naandika "mzima" kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana nazigeuza picha nimtazame mgonjwa kwa ubavu. Hapo aota inasimama wima, nyeupe, mbele ya pingili. Tawi la siliaki, badala ya kuelekea mbele kwa mteremko laini, linatumbukia chini, linapata mkunjo kama milimita 5 kutoka lilipoanzia, halafu linapinda kwenda mbele. Ni ndoano ya kuvulia samaki, huwezi kuifananisha na kitu kingine. Juu ya mkunjo unapita mstari wa kijivu, na huo ndio utepe. Ukifika unene wa milimita 4 au zaidi naanza kuutilia maanani. Baada ya mkunjo ateri huwa imetanuka kidogo, kama mto unaopanuka ukishatoka kwenye mwamba. Mzee ambaye mishipa yake imezibwa na mafuta anaonekana tofauti: kwake uzibe huwa pale pale tawi linapoanzia, mara nyingi na madoa meupe ya chokaa, na ndoano haipo.

Basi picha yako ya pili inaweza kuwa kweli kabisa. Ila ilipigwa ukiwa umetoa pumzi, hali ambayo hata mtu mwenye afya anaweza kuonekana amebanwa. Asilimia 70 ya pumzi iliyotoka haina uzito sawa na asilimia 70 ya pumzi iliyovutwa. Mbano unaobaki hata ukivuta pumzi, ukiwa na ile sehemu iliyotanuka mbele yake na vijishipa vya pembeni vilivyonenepa kubeba damu, huo unanishtua zaidi.

Hapa ndipo penye kosa ambalo wagonjwa wengi hulifanya, na sisi madaktari pia. Picha inaonyesha mbano. Haionyeshi maumivu. Katika watu 100 waliopigwa picha kwa sababu nyingine kabisa, kati ya 10 na 24 huonekana na utepe ulioigandamiza ateri hiyo kwa kiwango fulani, na walio wengi hawaumwi chochote. Namkumbuka kijana mmoja, mpakia mizigo wa Makambako, aliyeletwa baada ya ajali ya bodaboda. Tulikuwa tunatafuta kama bandama imepasuka. Bandama ilikuwa salama, lakini ateri yake ya siliaki ilikuwa imekunjwa kuliko nyingi nilizowahi kuona. Nilipomuuliza kuhusu chakula akashangaa swali lenyewe. Anakula ugali wa watu wawili na kurudi kubeba magunia.

Ndiyo maana wale madaktari wako wawili hawakubaliani, na ubishi huu ni wa zamani. Harjola wa Finland aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1963, na mwaka 1965 Dunbar na wenzake wa Marekani wakaripoti kundi la wagonjwa. Wapo wanaouita ugonjwa wa Dunbar hadi leo. Tangu hapo kuna madaktari wanaouona kila mahali, na kuna wasioamini kama upo. Mimi naamini upo, na naamini ni wa nadra. Humpata zaidi mwanamke kuliko mwanamume, mara nyingi kati ya miaka 20 na 40, mwembamba, mwenye maumivu yanayofuata chakula na uzito unaoshuka. Maelezo yako yanafanana sana na picha hiyo, sitakuficha.

Kinachouma hasa ni nini? Zamani ilidhaniwa ni upungufu wa damu: tumbo linafanya kazi baada ya chakula, linadai damu zaidi, na mlango umebanwa. Inawezekana kwa sehemu. Lakini ateri ya siliaki ina jirani yake chini, ateri ya utumbo, na hizo mbili zimeunganishwa na vijia vinavyopita kwenye kongosho. Mmoja akibanwa, mwingine humsaidia. Maelezo ya pili yanahusu mishipa ya fahamu. Kuizunguka ateri hiyo kuna fundo kubwa la mishipa ya fahamu ya tumbo, na utepe unaoigandamiza ateri unalisugua na fundo hilo. Huenda yote mawili yanahusika, kwa kiasi tofauti kwa kila mgonjwa. Hili lina maana kwako: kuifungua ateri peke yake huenda kusitoshe.

Niruhusu nikueleze jambo ninaloona uchungu kulisimulia. Miaka kadhaa iliyopita niliandika kwenye ripoti ya mama mmoja aliyekonda kwamba ateri ya siliaki imebanwa. Ilikuwa kweli. Sikuandika neno la zaidi. Waliomtibu walipopata jina la ugonjwa wakaacha kutafuta, na yule mama akazunguka miezi mitatu akichangiwa na ndugu nauli ya kwenda Dar es Salaam kupasuliwa. Alikuwa na kifua kikuu cha tumbo. Alitibiwa kwa vidonge akapona, ila miezi ile mitatu aliumia bure. Tangu siku hiyo, kila nikiona ndoano naongeza mstari: mbano huu peke yake hauthibitishi ugonjwa, visababishi vingine viondolewe kwanza.

Kwa hiyo nakuuliza wewe pia. Umepima VVU ndani ya mwaka huu? Siulizi kukudhania vibaya. Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya juu nchini, na huku kwetu kila anayekonda bila sababu inayojulikana anastahili kipimo hicho na cha kifua kikuu. Waliokutibu vidonda mara nne, walipima bakteria wa vidonda, au waliandika dawa kwa kusikiliza maelezo tu? Mawe kwenye kifuko cha nyongo yameangaliwa? Kongosho? Tezi ya shingo? Kuhusu ile taifodi ya mara mbili, kile kipimo cha damu cha haraka kinachotumika kwenye maabara nyingi hudanganya mara nyingi, na taifodi haiji na kuondoka na sahani ya chakula kwa mwaka na nusu. Kitu kingine: kama huwa unameza diklofenaki au ibuprofeni kutuliza maumivu, acha. Zinachubua tumbo na kuongeza maumivu juu ya maumivu.

Kuna mbano mwingine unaoweza kuchanganywa na huu, nao nataka uangaliwe kwenye picha hizo hizo. Ateri ya utumbo, yule jirani wa chini, inatoka kwenye aota kwa pembe, na katikati ya pembe hiyo inapita sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba. Kinachoishikilia pembe ibaki wazi ni mto wa mafuta. Mtu akikonda sana mto unaisha, pembe inafunga, na utumbo unabanwa kama kidole mlangoni. Kwa kawaida pembe ni nyuzi 38 hadi 65, na nafasi kati ya ateri hiyo na aota ni milimita 10 hadi 28. Pembe ikishuka chini ya nyuzi 25 na nafasi chini ya milimita 8, tunaanza kushuku. Dalili zake ni kushiba haraka, tumbo kujaa, kutapika chakula au nyongo ya kijani, na nafuu ukilalia tumbo au ubavu wa kushoto. Ukiona hizo, sema. Tiba yake ya kwanza ni kurudisha uzito, na wengi hawahitaji kisu. Wewe umepoteza kilo za kutosha kupata mbano wa pili juu ya wa kwanza, ndiyo maana nalisisitiza.

Sasa swali lako la kurudia. Usikimbilie CT ya tatu. CT moja ya tumbo ina mionzi inayokaribia ile ambayo mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa miaka mitatu hivi, na wewe una miaka 29 na umeshapigwa mbili ndani ya miezi minne. Kwanza omba picha zenyewe, kwenye CD, kutoka hospitali zote mbili. Karatasi ya majibu haitoshi. Daktari bingwa wa radiolojia, yaani wa kusoma picha kama hizi, akizikalisha pamoja, akaigeuza ile ya mwezi wa tatu kwa ubavu, anaweza kuona mbano uliopita bila kutajwa, au kuona kwamba ukivuta pumzi ateri iko wazi kabisa. Hapo atakuwa amepata pumzi zote mbili bila kukuongezea mionzi hata kidogo.

Kinachofuata ni altrasaundi ya mishipa, ile inayopima kasi ya damu. Haina mionzi, na uzuri wake ni kwamba unapumua huku daktari anaangalia. Uende hujala. Damu ikipita mahali pembamba hukimbia, kama maji ya bomba ukiziba mdomo wake kwa kidole. Kasi ikizidi sentimita 200 kwa sekunde tunashuku mbano mkubwa, na ikipanda unapotoa pumzi kisha ikashuka unapovuta au ukisimama, tumeukamata utepe ukifanya kazi yake. Inahitaji mkono wenye uzoefu, kwa hiyo uliza kabisa kabla ya kulipia kama wanapima ateri ya siliaki kwa pumzi. Ikiwa baada ya hapo CT itahitajika kweli, iwe ya mishipa, ipigwe kwa kuvuta na kwa kutoa pumzi kwa makubaliano ya daktari atakayekupasua, upimwe figo kwanza kwa damu, na uhakikishe huna ujauzito.

Kuhusu upasuaji, wanachofanya ni kuukata ule utepe ili ateri iwe huru, na wengi husafisha pia lile fundo la mishipa ya fahamu. Unaweza kufanywa kwa kufungua tumbo au kwa matundu madogo. Utepe umelala juu ya aota yenyewe, na kuteleza kidogo ni damu nyingi, kwa hiyo si kazi ya kufanyiwa na mtu anayeijaribu kwa mara ya kwanza. Wengi hupata nafuu, hasa ambao maumivu yao yanafuata chakula na uzito umeshuka kama wewe, lakini si wote, na kwa baadhi maumivu hurudi. Kabla ya kisu, pale panapowezekana, kuna sindano ya ganzi inayopigwa kwenye lile fundo. Ukila baada yake na maumivu yasije, tunapata tumaini kwamba upasuaji utasaidia. Akitokea mtu wa kukushauri uwekewe kibomba cha kutanua ateri bila utepe kukatwa, kataa kwa heshima. Utepe ukibaki, utakiponda kibomba hicho kwa kila pumzi.

Wakati unasubiri, tukulishe. Acha milo mikubwa mitatu, kula kidogo kidogo mara sita. Huko kwetu hatukosi vitu laini vyenye nguvu: uji wa lishe wenye maziwa, viazi vilivyopondwa na parachichi, ndizi mbivu, yai. Ugali mzito na makande viache kwa sasa. Chukua daftari la mazoezi, moja kama yale unayosahihisha, uandike kwa wiki mbili: saa uliyokula, ulichokula, maumivu yalianza baada ya dakika ngapi, yaliisha lini, ulikuwa umekaa au umelala. Jipime uzito mara moja kwa wiki kwenye mizani ile ile. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno ya haraka kwenye foleni.

Shangazi mwambie namsalimia. Anakupenda, na anaona mtoto wake anaisha mbele ya macho yake. Akitaka kukuombea, akuombee. Ila mitishamba ya kunywa isimamishwe kwa sasa, kwa sababu baadhi huumiza ini na figo, na figo zako tunazihitaji salama kwa dawa ya CT.

Usisubiri miadi ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, maumivu yakija ghafla na kukataa kuisha, macho yakiwa ya manjano, ukishindwa kushika hata maji, au ukizimia. Siku hiyo hiyo nenda hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku.

Lakini hata bila hayo, kilo 46 hazitaki kusubiri muhula uishe. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu wiki hii. Pata barua ya rufaa kutoka hospitali ya wilaya, ya kwenda kliniki ya mfumo wa chakula au ya upasuaji katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na huko waombe daktari wa upasuaji na wa radiolojia wazione picha zako pamoja. Wakiona unahitaji upasuaji, wao ndio watakaokuelekeza Muhimbili au kwingine, ukiwa na barua mkononi badala ya kuzunguka kwa nauli ya kuchangiwa. Bebea CD zote mbili kwenye bahasha ngumu zisipate mikwaruzo, weka na daftari, na juu ya bahasha andika kwa herufi kubwa: ya kwanza pumzi ndani, ya pili pumzi nje.